Mbegu Alizoiba Wifi Yangu

Nilimsikia akikiri kwa masikio yangu mwenyewe. Sikuambiwa na jirani, wala sikuletewa umbea kwa simu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko la mama, kijijini Heru Juu, viatu mkononi kwa sababu ya tope la mwezi wa nne, nikamsikia mama akimwuliza mke wa kaka yangu, "Mbegu zangu umezipeleka wapi?" Wifi akajibu taratibu, kama mtu aliyeulizwa saa: "Nimezichukua mimi, mama. Nisamehe. Nitazirudisha." Mama akasema, "Haya." Wakaendelea kumenya mihogo.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha sayansi shule ya msingi huko Kibondo, na baada ya miaka yote hiyo najiona bingwa wa kutambua sauti ya mtoto aliyeiba chaki. Mwizi anayekiri kwa upole namna ile, nikajiambia, ni mwizi aliyezoea. Sikuingia jikoni kuwasalimia. Nilizunguka nikaingia kwa mlango wa mbele, na kabla sijavaa viatu nilikuwa nimeshamaliza kesi.

Lazima nizieleze hizo mbegu, maana mtu wa mjini atashangaa tuligombana vipi kwa ajili ya maharage. Mama alikuwa na chungu cha mbegu, maharage ya madoadoa mekundu aliyopewa na mama yake siku alipoolewa. Kila mavuno alichagua punje nzuri moja moja, akazichanganya na majivu ya jikoni zisiliwe na wadudu, akaziba mdomo wa chungu kwa majani makavu ya mgomba na kukisukuma chini ya kitanda chake. Nyumbani kwetu chungu kile hakiguswi na mtu mwingine yeyote. Tukiwa wadogo tumewahi kulala na njaa juu ya kitanda kilekile chenye maharage chini yake, na hakuna aliyethubutu. Mama alikuwa akisema anayekula mbegu amekula mwaka ujao wa wenzake. Mwizi wa kuku hutaniwa kilabuni, yakaisha. Mwizi wa mbegu hasalimiwi.

Baba alikwisha kufa. Mama aliishi na kaka yangu, ambaye ni mdogo kwangu, na mkewe. Kaka anauza mitumba. Leo yuko mnadani, kesho yuko soko la karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na nyumbani hufika jua likizama. Aliyekuwa na mama kutwa nzima ni wifi, binti wa kijiji cha Titye, mwenye elimu ya darasa la saba na maneno machache. Walikuwa hawajapata mtoto, jambo ambalo shangazi yetu hakuchoka kulitaja kila alipoona nepi zimeanikwa kwa jirani.

Mama alinipigia simu kila wiki. Kwenye simu alikuwa mzima kama kengele. Alianza na salamu zetu za Kiha, zile ndefu: mwakeye, na za mume, na za watoto, na za shamba, na za mvua, na za majirani, bila kuruka hata moja. Kisha alishusha sauti. "Mwanangu, humu ndani naibiwa." Kwanza kilipotea kitenge, kisha kisu, kisha ufunguo wa sanduku. Mwisho zikawa mbegu. Leo najua kwamba salamu ndicho kitu cha mwisho kumtoka Muha. Anaweza kupoteza jina la mwanawe wa kumzaa na bado akakusalimia bila kukosea, kwa sababu salamu zimekaa ndani kuliko majina. Mimi nilimpima mama kwa salamu, nikampa mia kwa mia.

Na si kwamba sikuambiwa. Wifi alinipigia mara mbili. Mara ya kwanza alisema mama ameweka chumvi kwenye mboga mara tatu, na akiulizwa anakasirika. Mara ya pili alisema mama amepotea akitoka kanisani, njia aliyoipita tangu sijazaliwa, akakutwa ameketi bondeni kwenye shamba la watu akisubiri baba aje kumchukua. "Wifi, huo ni uzee," nilimwambia. "Kwani wewe hutazeeka?" Nilikuwa nasahihisha madaftari wakati nasema hivyo. Nakumbuka sikuweka hata kalamu chini.

Kikao tulikifanya Jumapili iliyofuata baada ya ibada, uani kwa mama. Alikuwapo baba mdogo, shangazi, kaka na mimi, na majirani wawili watatu ambao ghafla walikuwa na jembe la kuazima. Wifi aliketi kwenye mkeka. Mama alikaa kwenye kiti chenye mto, amevaa kitenge chake kizuri, akimsalimia kila aliyeingia vizuri mno kiasi kwamba nilijivuna. Baba mdogo alifungua kikao kwa kusema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisha akaniachia mimi, kwa kuwa ndiye msomi.

Nilisimama. Nilieleza nilichokisikia nyuma ya jiko, neno kwa neno. Nikamwuliza, "Ulisema au hukusema?"

"Nilisema," wifi akajibu.

"Basi."

Akainua macho. "Nilisema ili mama atulie. Nikibisha analia mpaka anatetemeka. Nikikubali, anasahau, tunaendelea na kazi. Mama haibiwi, wifi. Mama anapotea."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. "Unataka kuwaambia watu hawa kwamba mama yetu ni kichaa?" Kwetu mwanamke mzee akianza kusemwa kwamba akili zimebadilika, maneno ya uchawi hufuata nyuma, na hayo humfikisha bibi wa watu pabaya. Kwa hiyo nilijiambia namlinda mama. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka kumshinda msichana wa darasa la saba mbele ya watu, na nilikuwa karibu kushinda.

Baba mdogo akamwuliza mama kama ameibiwa. Mama akasema ndiyo, naibiwa. Aliyekuibia ni huyu? Mama alimtazama wifi. "Huyu huniogesha vizuri," alisema. Shangazi akaguna. Tulidhani anakejeli.

Nikamgeukia kaka. Nilimwambia mke hupatikana, mama hapatikani, akainamisha kichwa, na jioni hiyo wifi akaitiwa bodaboda ya kumrudisha kwao Titye. Alitoka na begi moja. Nililipekua mimi mwenyewe pale mlangoni, dereva akiangalia pembeni kwa aibu. Mlikuwa na vitenge viwili, kandambili, kitabu cha nyimbo za kanisani, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye nailoni. Mbegu hazikuwamo. Nikafunga zipu, nikasema kwa sauti ili watu wasikie, "Ameshazila."

Neno hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

Shangazi alikuja kukaa na mama, akavumilia wiki tatu, kisha akakumbuka kwamba na yeye ana nyumba. Kaka akaacha kwenda minadani, biashara ikalala. Shule zilipofungwa mwezi wa sita nilishuka kutoka Kibondo na sanduku la nguo na mpango kazi. Ndiyo, niliandika mpango kazi. Saa moja uji, saa mbili kuoga, saa nne mazoezi ya kumbukumbu. Nilikuwa nimeshaona kwamba mama anasahau kidogo, nikaona dawa yake ni kukumbushwa.

"Mama, leo siku gani?" Hajui. "Jana tulikwambia nini? Mama, mimi ni nani?" Akikosea narudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kama vile ameketi dawati la nyuma. Siku ya tatu aliacha kunijibu kwa Kiswahili, ikawa Kiha kitupu, na Kiha chenyewe kikawa cha mtoto anayeomba asichapwe. Kuoga ilikuwa vita. Nilimvua nguo kwa nguvu kwa sababu saa mbili ilikuwa imepita, akaning'ata mkono. Kijiko nikikipeleka mdomoni anageuza uso. Alipungua mpaka mifupa ya mabega ikaonekana juu ya kitenge, na mimi nikawa namgombeza kwa kutokula, nikitaka kulia, nikiwa sielewi namkasirikia nani.

Na mbegu zikaendelea kupungua. Nilikuwa nimenunua nyingine Kasulu, nikajaza chungu mwenyewe ili atulie. Baada ya siku chache zilikuwa zimeshuka kiganja kizima. Mama akanishika mkono, akaniuliza mbegu zake nimezipeleka wapi. Nilimfokea. Nilimwambia mama, mimi ni mwanao, siwezi kukuibia, sijakuibia, nani amekwambia nakuibia. Alianza kulia, akatetemeka kuanzia kidevu mpaka magoti, vilevile alivyosema wifi. Na mimi sikunyamaza mpaka nimalize hoja yangu.

Kesho yake nilifua foronya. Nilipoishika kwa ncha ya chini, maharage yakamwagika miguuni pangu pamoja na majivu. Nikaenda kwenye mkoba wake wa kanisani, yamo. Kwenye mabuti ya baba yaliyokaa juu ya kabati tangu azikwe, yamo. Ndani ya mkeka uliokunjwa, kwenye pindo za vitenge, kila pembe imefungwa fundo dogo, safi, kama anavyofunga sadaka. Mengine yalikuwa na kumvi za zamani na vumbi, yamekaa humo tangu kabla ya mwezi wa nne. Niliketi sakafuni. Ningependa kusema kwamba nilimfikiria mama kwanza. Nilifikiria lile begi, na zipu nilivyoifunga.

Tulimpeleka hospitali, Kasulu. Daktari alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali. Mama alimsalimia salamu zote tangu mwanzo hadi mwisho, naye akatabasamu bila kuelewa hata moja. Nadhani hiyo ndiyo bahati yetu. Kwa kuwa hakujua Kiha, salamu hazikumdanganya. Alimwomba mama amweleze, kupitia kwangu, jinsi ya kupika ugali wa muhogo. Mama alianza vizuri, akachemsha maji kwa maneno, kisha akakwama hapo. Akarudia kuchemsha maji. Mwanamke aliyenilea kwa ugali huo alichemsha maji mara nne mbele ya daktari, kisha akanitazama nimsaidie, na mimi nikajifanya natafuta leso.

Walimpima damu, sukari na presha, maana daktari alisema yapo magonjwa mengine yanayoleta usahaulifu na yanatibika, hivyo lazima yaondolewe kwanza. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, ilianza lini?" Sijui. "Alianza kusahau majina au njia?" Sijui. "Analala? Chooni anakwenda mwenyewe? Kitu gani kinamtuliza?" Sijui, sijui, sijui. Sijawahi kufeli mtihani namna ile.

"Nani anajua?"

"Wifi yangu."

"Yuko wapi?"

Kaka akatazama dirishani. Nikasema yuko kwao kwa muda.

Majibu yaliporudi na yale mengine hayakuonekana, daktari alituketisha akatueleza. Alisema dalili zote zinaelekea kwenye ugonjwa wa Alzheimer. Si uzee, wala si kurogwa, wala si kichaa. Ubongo unakufa polepole, na huanza na mambo ya karibuni. Ya jana yanafutika, ya usichana yanabaki. Mgonjwa anaficha kitu kwa sababu anahisi kuna kitu kinamponyoka, kisha anasahau kwamba amekificha. Anakuta hakipo, na akili yake inatafuta maelezo. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba kuna mwizi. "Na anayeshutumiwa," alisema, "mara nyingi ni yule anayemtunza zaidi, kwa sababu ndiye anayemwona kila siku."

Hakuna dawa ya kuuponya, alisema. Kilichobaki ni matunzo. Saa zilezile kila siku, jambo moja kwa wakati mmoja, maneno mafupi. Asiachwe peke yake na moto. Asipewe mitihani. Hapo nilitazama chini. Na asibishiwe, kwa kuwa kwenye ubishi huo utashinda wewe na ataumia yeye. Akisema ameibiwa, msaidie kutafuta, au mwombe radhi.

"Hata kama hujaiba?" nikauliza.

"Hata kama hujaiba."

Nikatoka nje. Nilisimama karibu na mabomba ya kunawia nikalia, na muuguzi mmoja akadhani nimefiwa, akanipa pole.

Kumrudisha mke kwetu kuna utaratibu. Anakwenda mume na mzee wa upande wake, wanabeba pombe ya ndizi, wanaketi, wanaonja, maneno yanalainika. Baba mdogo na kaka wakabeba dumu, tukaenda Titye, na mimi nikafuata nyuma nikitumaini kwamba utaratibu utanibeba. Baba yake wifi alitukaribisha vizuri. Dumu lilipowekwa mbele yake hakuligusa.

"Pombe hii ni ya mume aliyekosana na mkewe," alisema. "Binti yangu hakukosana na mumewe. Aliitwa mwizi wa mbegu. Aliyemwita yuko hapa?"

Baba mdogo alianza kuzunguka na methali. Mzee akamngoja amalize, kisha akauliza tena vilevile. Nikapiga magoti. Hakuna utaratibu kwetu wa wifi kumwomba radhi wifi mwenzake. Mawifi tunajulikana kwa kazi nyingine. Kwa hiyo nilisema bila mpango wowote. Nilisema nilipekua begi lake, sikukuta kitu, na bado nikasema amezila. Nilisema mbegu tumezikuta ndani ya mto wa mama. Nilisema nilimkasirikia kwa sababu aliona kilichokuwa mbele yangu nami nikakataa kukiona.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi. Aliniuliza jambo moja tu. "Mama anakula?"

"Hali."

"Mnampa kwa kijiko?"

"Ndiyo."

"Kijiko anakiogopa. Tonge mwekee mkononi mwake, anapeleka mwenyewe. Na kuoga anapenda jua likishapanda, maji yakianzia miguuni." Akaweka ndoo chini. "Sijakusamehe, wifi. Nitarudi kwa ajili ya mama. Lakini uyaseme haya palepale uani, mbele ya walewale. Na likizo zako zote uwe unakuja kunipokea, mimi nipumzike kwetu."

Nikakubali. Mzee wake akaonja pombe, akasema imechachuka kidogo.

Niliyasema uani, Jumapili, mbele ya walewale. Ilikuwa aibu, kama ilivyostahili. Majirani walikuja hata wale wasio na jembe la kuazima. Shangazi aliguna, akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi. Nilieleza ugonjwa wenyewe pia, kama nilivyoelezwa, na bibi mmoja wa jirani akaniuliza baadaye, pembeni, kama na mumewe anaweza kupelekwa kwa yule daktari.

Tangu hapo nimekwenda kila likizo. Nimejifunza kumwanzia maji miguuni. Nimejifunza kutotaja siku wala tarehe. Mama akisema anamsubiri baba, wifi humwambia basi tumenye mihogo akija akute chakula, nao wanamenya. Mimi mdomo bado unaniponyoka. Mara nyingine namsahihisha kabla sijajizuia, na wifi hunitazama tu.

Mwezi wa kumi na mbili uliopita tulikuwa watatu jikoni. Mvua ilikuwa imetulia, wifi anachambua maharage kwenye ungo, mama anakula kwa mkono wake kutoka bakuli dogo la bati. Jina langu limeshamtoka. Sasa huniita "wewe mgeni". Aliacha kutafuna, akanitazama usoni.

"Mbegu zangu umezipeleka wapi?"

Nilijua maneno. Nilishawahi kuyarudia neno kwa neno mbele ya kikao. Mara ile ya kwanza nilipoyasikia niliyaita ungamo, na sasa yalikuwa ungamo kweli. Wifi hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo, ila mikono yake ilisimama.

"Nimezichukua mimi, mama," nikasema. "Nisamehe. Nitazirudisha."

Nikangoja aseme "haya", kama alivyozoea kumwambia wifi. Hakusema. Aliniuliza swali ambalo kati yetu sote tulioketi uani siku ile, msomi na wazee, hakuna aliyelikumbuka kumwuliza mtu tuliyemwita mwizi.

"Ulikuwa na njaa?"

 Wifi ndiye aliyenijibia. "Alikuwa nayo, mama."

Mama akasogeza bakuli lake mbele yangu, akaniambia nile.